Nilisema Shule Ilikwisha

Kamina, juma la mwisho la mwezi wa nne

Mpendwa dada yangu Rebeka,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, maana ni nyingi, na aliyeziandika ni mzee asiyependa kuharakisha heshima. Nauliza hali ya mwili wako, na kile kidonda cha mguu ulichonitajia katika barua za awali. Nauliza kama mihogo ilipona maji ya mto, na kama usingizi wako ni mtulivu. Mimi, yaya yako Yona, kaka yako mkubwa, ni mzima kwa rehema za Mungu. Magoti hunisumbua asubuhi, yakipata jua hunisamehe. Chakula kipo na kazi ipo: bado mimi ndiye mtunza taa wa stesheni ya Kamina. Nasafisha vioo, natia mafuta, nakata tambi, na kila gari la moshi linapoondoka hapa, taa nyekundu inayoning'inia nyuma ya behewa la mwisho imepita mikononi mwangu.

Nakuomba radhi, tena si ile radhi ya desturi ambayo watu huiandika mwanzoni mwa barua kama mtu anayevua kofia mlangoni. Barua yako ilinifikia mvua za kwanza zikianza, na leo mvua zinakwisha. Uliniandikia mistari minne tu: kwamba umesikia mkaguzi wa shule za misheni atakuja Kamina kutoka ng'ambo, kwamba vijiji vya mtoni vitaitwa mbele yake kimoja kimoja, kwamba shule itakayofutwa katika daftari lake haitapewa tena mwalimu wala vitabu, na kwamba unaniomba nisimame kwa ajili ya shule yetu, ile aliyoianzisha mke wangu marehemu, Elisabeti, katika sebule ya nyumba yangu. Baada ya hapo mimi nikanyamaza miezi sita. Hukujua kama nimekufa au nimekataa. Sikukataa, Rebeka. Nilikuwa najifunza Kiingereza.

Najua unacheka, na una haki. Lakini nisikilize. Mkaguzi huyo hajui Kifaransa, hajui Kiswahili, na Kiluba hakijapata kumfikia sikioni. Mwaka uliopita mzee mmoja wa upande wa Kaniama alisimama mbele ya mgeni kama yeye, akaeleza habari za shule yao mpaka jasho likamtoka, na mkalimani akazitoa zote kwa maneno kumi. Shule ile haimo tena daftarini. Nikasema moyoni kwamba habari za shule ya Elisabeti hazitapita katika kinywa cha mtu ambaye hakuwahi kuketi pale. Nitazisema mwenyewe, hata kama ulimi wangu ni mzee kama magoti yangu.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Zakaria, fundi cherehani, mtu wa Nyasa, ambaye alisomea kwa Waingereza huko kwao na sasa anashona barazani pa duka linalotazama stesheni. Alinipa sharti moja tu: nisikasirike akinicheka. Nikakubali, nami sikujua nimekubali kitu gani. Kila siku baada ya saa nane, taa zangu zikiwa tayari, nilikwenda kuketi kwenye sanduku la nyuzi, yeye akikanyaga cherehani bila kuniangalia.

Majina ya vitu hayakunishinda. Kilichonishinda ni wakati uliopita. Kiswahili chetu kina huruma: mtu akisema "nimefika jana" au "nilifika jana", hakuna atakayemzuia mlangoni. Kiingereza hakina huruma hiyo. Ukitaja wakati ambao umekwisha, kama vile jana, au juma lililopita, au miaka mitatu nyuma, basi tendo lako sharti livae vazi la mambo yaliyofungwa, na ukilivika lile vazi jingine, lile la mambo yanayogusa leo, Mwingereza anasimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Lakini ukisema tangu siku fulani mpaka sasa, au mwaka huu ambao bado tunaula, ndipo lile vazi jingine linapotakiwa.

Siku moja nilimweleza Zakaria kwa Kiingereza kwamba nimefika Kamina miaka minne iliyopita. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mzee, ile miaka ine iko wapi?"

"Imepita."

"Imepita kabisa?"

"Kabisa."

"Basi juu ya nini unaiachia mulango wazi? Funga. Kuku ya bantu itaingia."

Siku nyingine nilifunga pasipofaa. Nikasema kwamba niliishi peke yangu tangu mke wangu afariki, kwa lile vazi la mambo yaliyokwisha.

"Ah, pole, Mzee," akasema Zakaria, na akavua kofia yake. "Kumbe ulioaka tena. Bibi mupya iko wapi, tumusalimie?"

Wanawake waliokuwa wakingojea nguo zao wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Nami nilikumbuka sharti, sikukasirika. Nilirudi kwenye chumba cha taa nikafunga mlango na kurudia maneno yale mbele ya taa kumi na mbili, nikizitazama kama wanafunzi.

Mwishowe nilisaidiwa na kazi yangu mwenyewe. Wewe hujawahi kukaa stesheni, kwa hiyo nitakueleza. Gari la moshi linapoingia, abiria hupiga kelele kwamba limefika, wauza ndizi hukimbia, watu hukumbatiana. Lakini mtu wa reli hasemi kwamba limefika. Anasimama anangoja mpaka aone taa nyekundu, au mchana ile sahani nyekundu, nyuma ya behewa la mwisho. Kwa maana kulabu inayounganisha mabehewa huweza kukatika mlimani, nusu ya gari ikabaki nyuma gizani katika njia, na mtu akisema limefika lote, watafungulia gari jingine, nalo litakuja kugonga yale mabehewa yaliyoachwa na watu waliomo. Ndiyo maana taa ile ni yangu kuitunza, na ndiyo maana hufundishwa kuiangalia hata mtu asiyejua kusoma.

Basi nikajiambia: wakati ambao nimeiona taa yake ya nyuma, nitausema kwa maneno yaliyofungwa. Wakati ambao taa yake sijaiona, bado unapita mbele yangu. Nilipomweleza Zakaria hivyo, akasema, "Mzee, ile ningeliijua Nyasa, mwalimu wangu hangelinichapa sana." Tangu siku ile makosa yangu yalipungua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimeona haya kuliandika siku hizi zote.

Mkaguzi aliita vijiji vyetu siku ya Alhamisi. Nami, nikitaka shahidi kutoka nyumbani, nilikuwa nimekwisha kumtumia neno jirani yako, Mama Numbi muuza samaki, kwamba apande gari la Alhamisi huko Bukama, aje asimame pamoja nami. Nilidhani nimefanya vizuri. Lakini njia ilikuwa imeharibiwa na maji upande wa Luena, na kwa majuma matano gari la Alhamisi lilikuwa likifika Kamina siku ya Jumamosi. Sisi watu wa reli tuliendelea kuliita gari la Alhamisi, maana ndivyo lilivyoandikwa, na hata wake za wenzangu wanaopika kwa kulifuata huliita hivyo. Mimi ninayelipokea kwa mikono yangu kila Jumamosi nilimwambia mtu apande gari la Alhamisi ili awahi Alhamisi. Mama Numbi hana kosa. Alipanda gari lile lile nililomtajia.

Kwa hiyo Alhamisi nilisimama peke yangu. Ukumbi wa misheni ulikuwa umejaa wajumbe wa vijiji. Mkaguzi ni mtu mrefu, mpole wa sauti, ana miwani na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Bwana Mchungaji wetu alikaa kando yake kuwatafsiria waliohitaji. Jina la kijiji chetu lilipotajwa, nikasema kwa Kiingereza kwamba sihitaji mkalimani. Watu wote wakageuka.

Akaniuliza nani alifundisha pale. Nikajibu kwamba mke wangu alifundisha pale. Akaniuliza alifundisha kwa muda gani. Nikajibu miaka kumi na mmoja. Akaniuliza shule iko katika hali gani sasa. Hapa, Rebeka, nilikuwa na maneno mengine niliyoyaandaa, maneno ya kusihi, kwamba watupe mwalimu tuianzishe upya. Lakini swali lake lilikuwa la hali ya sasa, na mimi nilitaka kusema kweli. Nikakumbuka ile siku niliyofunga mlango wa nyumba yetu kwa mkono wangu. Nikafikiri nimeiona taa ya nyuma. Nikasema kwamba shule ilikwisha miaka minne iliyopita, mke wangu alipofariki.

Hakuna neno lililokosa mahali pake. Mkaguzi aliweka kalamu chini akanitazama kwa furaha. Akasema kwamba tangu aingie Kongo hajakutana na mtu aliyepanga nyakati zake vizuri hivyo, akaniuliza nilisomea wapi, akacheka kwa upole niliposema kwa fundi cherehani. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la shule yetu. Aliupiga polepole, kwa rula. Maneno yangu ya kusihi nikaanza kuyasema, naye alikuwa amekwisha kutaja kijiji kinachofuata.

Nilirudi kwenye taa zangu. Ijumaa sikwenda barazani kwa Zakaria.

Jumamosi gari la Alhamisi likaingia. Nilikuwa nimesimama mwisho wa jukwaa, nikingoja sahani nyekundu, ndipo nikamwona Mama Numbi akishuka na makapu yake mawili, amevaa kikwembe cha sikukuu na viatu.

"Yaya Yona, minyi huyu. Bazungu bako wapi?"

Nikamwambia kwamba mkaguzi amekwisha kuwasikia watu wote, na kwamba shule imefutwa.

"Imefutwa na nani?"

"Na mimi, mama. Niliulizwa, nikasema kweli, kwamba shule ilikwisha Elisabeti alipofariki."

Aliweka kapu chini. Unamjua Mama Numbi, hawezi kukasirika akiwa amebeba kitu.

"Ilikwisha? Nani alikuambia ilikwisha? Mama Rebeka iko nafundisha batoto tangu matanga ya Mama Elisabeti. Kila siku. Mu nyumba ya kukaushia samaki. Batoto banarudi kwabo na moshi mu nguo, bamama bao banauliza, hawa banasoma ao banakauka?"

Akaingiza mkono katika kapu, chini ya samaki, akatoa ile karatasi ya sukari uliyoikunja mara nne. Nikaisoma palepale, watu wakinipita na mizigo. Majina ishirini na matatu, kwa mwandiko wako, na mbele ya kila jina miezi aliyohudhuria, mwaka baada ya mwaka. Yule mtoto wa mvuvi, aliyekuwa akilia siku za kwanza kwa Elisabeti, amefika kwenye hesabu za kugawanya.

"Kwa nini hakuniandikia kwamba anafundisha?" nikauliza.

Mama Numbi akanitazama kama mtu anayepima samaki kwa macho.

"Weye njo ulisema siku ile, mbele ya bantu bote, kazi ya Elisabeti imekwisha. Ulifunga mulango na kamba, ukaenda na ufunguo. Sasa nani ataenda kuambia mujane kama kazi ya bibi yake haiyaisha? Mama Rebeka aliogopa. Alisema, Yaya atafikiri nimekalia kiti ya marehemu. Ubao tulipitisha mu dirisha."

Rebeka, nimeyafikiri maneno hayo kwa siku nyingi. Barua yako ya mistari minne nilikuwa naijua kwa moyo, na sikuielewa. Ulisema nisimame kwa ajili ya shule yetu, nami nikasoma kana kwamba unanena juu ya kaburi. Nilijifunza miezi sita kutofautisha jambo lililokwisha na jambo linaloendelea, kwa lugha ya watu wengine, na sikuuliza hata mara moja ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa nyumbani kwangu. Nilisema gari limefika lote, na mabehewa yalikuwa bado njiani, yamejaa watoto.

Siku ya Jumapili nilimwomba Mungu anisamehe, na Jumatatu nilivaa koti langu jeusi nikaenda misheni. Mkaguzi alikuwa barazani akifunga vitabu vyake katika sanduku, maana alikuwa anaondoka kesho yake. Bwana Mchungaji alinipokea kwa adabu, akanishika bega.

"Mzee Yona, shauri lile limekwisha."

"Bwana, uniwie radhi sana, halijaisha. Naomba nisikilizwe tena."

"Mgeni amechoka, Mzee. Ana kazi nyingi."

"Nitangoja, Bwana. Kazi yangu ni kungoja."

Nikasimama chini ya ngazi. Walinipa kiti, nikashukuru, sikukikalia, maana mtu aliyeketi husahauliwa upesi. Saa za asubuhi zikapita. Wapishi walipita na sahani, wakanihurumia kwa macho. Kengele ya adhuhuri ilipolia, mkaguzi mwenyewe alishuka ngazi akaja mbele yangu, miwani mkononi.

Nikamweleza kwa Kiingereza. Sikuwa tena na maneno yaliyoandaliwa, na nadhani nilikosea mengi, nikavisha mambo mavazi yasiyo yao, naye hakucheka. Nikamwambia kwamba dada yangu amefundisha tangu mke wangu afariki, amefundisha bila kuacha, na hata leo hii, tunapoongea, anafundisha. Nikampa karatasi ya sukari. Ilinuka samaki, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho.

Akaniuliza, kwa sauti ileile ya upole, kama nilimdanganya Alhamisi au ninamdanganya leo.

Nikasema, "Bwana, Alhamisi nilisema nilichokijua. Kosa langu ni kwamba sikuuliza."

Akaniuliza watoto hukaa wapi. Nikasema katika nyumba ya kukaushia samaki. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema kanuni zao haziruhusu. Shule sharti iwe na nyumba yenye kuta, mlango na dirisha, isiyofanyiwa kazi nyingine. Akaniuliza kama kijijini ipo nyumba ya namna hiyo.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini nilitembea mpaka pale. Nikasema ipo. Nikasema ni yangu, nami ninao ufunguo.

Hakuufuta mstari mwekundu. Alisema hawezi kuufuta kwa neno la mtu mmoja aliyekwisha kusema maneno mawili yanayopingana, na naona alisema haki. Lakini pembeni ya mstari aliandika kwa kalamu nyeusi, akanisomea alichoandika: Bwana Mchungaji atateremka mto kwa mashua katikati ya mwezi wa sita, akiwakuta watoto wameketi wanasoma katika nyumba ile, jina la shule lirudishwe na mwalimu msaidizi atumwe. Asipowakuta, mstari ubaki. Bwana Mchungaji aliweka sahihi yake chini ya maandiko yale. Niliyaona kwa macho yangu.

Basi kila kitu sasa kiko katika mlango mmoja, na mlango ule niliufunga mimi. Unaijua desturi yetu: nyumba iliyofiwa na mama wa nyumba hufungwa na mjane wake, na hakuna wa kukata ile kamba ya mlangoni ila mjane mwenyewe, au ndugu wa marehemu akitumwa kwa neno la mjane. Nilipaswa kutoa neno hilo mwaka mmoja baada ya matanga. Sikulitoa. Wazee waliniandikia mara mbili, nikajibu kwamba kazi ya reli ni nyingi. Kazi haikuwa nyingi, Rebeka. Maadamu kamba ile ilikuwa imefungwa, nilijiona kwamba ndani Elisabeti bado anafuta ubao, na kwamba mimi nimetoka kidogo tu. Mdomoni nilisema imekwisha, moyoni sikufunga kitu. Nilisema mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kinyume cha kweli.

Leo natoa neno. Namtuma shemeji yangu Mutombo, kaka wa marehemu, akate kamba mbele ya wazee, wala asinisubiri. Msomee mstari huu kwa sauti: mimi Yona, mjane wa Elisabeti, nasema nyumba ifunguliwe.

Utajiuliza kwa nini nisije mwenyewe. Ningeweza kuomba ruhusa, na mwenzangu wa reli angenishikia taa kwa majuma mawili. Lakini najijua. Ningeingia kwanza mimi, ningeketi pale, ningeona kila kitu mahali alipokiacha, na watoto wako wakija mlangoni na miguu yao ya matope ningewaambia wangoje kesho. Halafu kesho nyingine. Kwa hiyo waingie wao kwanza. Nitakuja mwezi wa nane, ruhusa yangu imekwisha kuandikwa, na nataka nikute sakafu imechafuka.

Mkifungua, fagieni, mpake kuta chokaa, mtengeneze paa upande wa mto ambako palikuwa pakivuja. Ubao urudi, na safari hii upite mlangoni. Vitabu vyake vimo katika sanduku la bati chini ya kitanda. Kama mchwa hawakuvifikia, vitumie mpaka viishe. Kitanda kitolewe. Kuna kigoda chake kando ya dirisha. Usikiweke pembeni kama kitu kitakatifu, Rebeka, nakusihi. Kikalie. Hukukalia kiti cha marehemu. Ulishika mkono wake nilipouachia mimi, na kwa miaka minne yote sikukushukuru. Nakushukuru leo. Wafwako, dada yangu, wafwako sana.

Nisalimie shemeji Mutombo, umwambie ukali wake wa zamani juu ya kamba ile ulikuwa wa haki. Nisalimie baba mdogo aliye mkubwa wa ukoo wetu, namwombea macho yake. Nisalimie mama mkwe wangu mzee, na kama hasikii vizuri, mshike mkono tu, utaniwakilisha. Nisalimie yule mvuvi ambaye mtoto wake anajua kugawanya. Nisalimie hao ishirini na watatu kwa majina yao, moja moja, kama ulivyoyaandika. Bwana Zakaria naye anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema mwalimu anayefundisha ndani ya moshi amemshinda yeye anayefundisha barazani.

Barua hii inaletwa na Mama Numbi, ambaye amebaki hapa akingoja njia itengenezwe, na ataondoka Kamina kesho, siku ya Jumanne yenyewe. Safari hii nimemtajia siku, sikumtajia gari. Ufunguo ulikuwa umening'inia katika chumba cha taa kwa miaka minne, kwa hiyo unanuka mafuta ya taa. Uoshe kwa majivu. Mama Numbi hakutaka kuubeba katika kapu la samaki, akasema haufai kulala na samaki. Basi Zakaria ameushona ndani ya pindo la kikwembe chake, upande wa kushoto, kwa uzi wa mara mbili. Akishuka kwenye mashua na ukasikia kitu kigumu kikigonga ubao wa mashua karibu na mguu wake, usingoje akusalimie kwanza. Chukua wembe, ufumue pindo palepale.

Mimi yaya yako,
Yona, mtunza taa